Dogo anafunga pointi 30 kila mechi ya kikapu kwenye mji mdogo, tumpeleke wapi?

"Habari kocha. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 17, mimi ndo namlea tangu mama afariki. Tunaishi mji mdogo, shule yao ina uwanja mmoja tu wa nje ila dogo anacheza balaa. Msimu huu kila mechi anafunga 30, 35, siku moja kafunga 41. Ana urefu wa mita 1.88, ndo mrefu kuliko wote kwenye timu kwahiyo kocha wao anamchezesha senta, yule anayesimama chini ya ringi. Sasa kuna mtu kaja kasema yeye ni ajenti, anaweza kumpeleka chuo Marekani kwa skolashipu ila anataka hela ya kuanzia, na anasema mwaka huu ukipita ndo basi. Watu wa hapa nao wananiambia nimhamishie jiji kubwa haraka la sivyo kipaji kitaozea hapa. Mwenyewe shule siku hizi hataki kusikia. Na goti la kulia linamuuma huu mwezi wa pili lakini hataki kupumzika. Naogopa kumharibia maisha, nifanye nini?"

Dada yangu, pole na hongera. Pole kwa huo mzigo ulioubeba peke yako, na hongera kwa kumlea mtoto mpaka mji mzima unamzungumzia. Nimesoma swali lako mara tatu na ninachokiona ni kwamba watu wote wanaokuzunguka wanakukimbiza, huyu anasema mwaka huu, yule anasema haraka, mpaka na wewe umeamini kuna mlango unafungwa wiki hii. Mlango haufungwi wiki hii. Kitu pekee cha haraka kwenye maelezo yako yote ni lile goti, nalo nitalifikia.

Tuanze na hizo pointi maana ndo zinachanganya watu wengi, hata makocha. Mtoto akifunga 35 kwenye ligi ya shule za mji mdogo tunajua kitu kimoja cha uhakika: amewazidi wale anaocheza nao. Amewazidi kwa kiasi gani cha kumfikisha mbali, hapo pointi zenyewe hazisemi, kwa sababu pointi zinatokana na mitupo, na kwenye timu ya namna hiyo mpira wote anapewa yeye. Chukua karatasi mechi ijayo uhesabu ametupa mara ngapi. Kama kafunga 32 kwa mitupo 35, kila mtupo umeleta chini ya pointi moja, na akienda timu yenye wachezaji wengine wanne wanaojua kufunga hakuna kocha atakayemwachia mitupo 35. Kama kafunga 22 kwa mitupo 13, hapo mi nakaa vizuri kwenye kiti naanza kuangalia. Hesabu pia mipira aliyopoteza, pasi zilizomfanya mwenzake afunge, na mara ngapi karudi nyuma kwa mbio kuzuia baada ya timu yake kukosa. Hiyo ya mwisho skauti, yani watu wanaosaka wachezaji, wanaiangalia sana na kwenye vile vivideo vya nusu dakika haimo kabisa.

Sasa nikueleze kinachotokea mchezaji akipanda ngazi, maana ukikielewa hiki mengine yote utaamua mwenyewe. Kwenye ngazi ya chini akimpita beki mmoja njia iko wazi mpaka kwenye ringi. Ngazi ya juu akimpita wa kwanza wa pili ameshafika, na wa tatu anasogea kuziba pasi, yani ule upenyo wa sekunde nzima aliouzoea unakuwa nusu sekunde au chini ya hapo. Miguu yake haijapungua kasi, mkono wake ni ule ule, ila macho na kichwa havijawahi kudaiwa uamuzi wa haraka hivyo. Ndo maana unaona kijana aliyekuwa mfalme kwao anafika sehemu mpya anaonekana kama hajui mpira, kumbe kipaji kipo ila mazoea yake yalijengwa kwenye nafasi pana. Na hii inatibika, inatibika kwa kucheza na watu wanaokuzidi au wanaolingana na wewe mara nyingi, kwa muda mrefu, ukiwa na mtu wa kukurekebisha. Kama hapo kwenu kuna watu wazima wanaocheza jioni au wikendi, wanaume wa miaka 25 na 30 wenye mabega na ujanja, mwingize huko mara moja au mbili kwa wiki goti likishapona. Hatafunga 35. Pengine atafunga 6 na atarudi amekasirika, na hizo jioni zitamjenga kuliko msimu mzima wa kuwafunga watoto wenzake.

Kuna kitu umekitaja kama kwa bahati mbaya lakini mimi ndo kilinishtua kuliko vyote, kwamba dogo wa mita 1.88 anachezeshwa senta. Namuelewa kocha wao, yeye anataka kushinda Jumamosi na mrefu wake ndo huyo huyo. Ila ngazi za juu senta kwa kawaida ni watu wa karibu mita 2.08 na kwenda juu, kwahiyo mdogo wako kwa urefu alionao leo akifika huko ni gadi, yani mtu wa nje anayeendesha mpira, na gadi anatakiwa ajue vitu ambavyo hafundishwi hata kimoja: kudunda mpira akiwa amebanwa, kutupa kutoka mbali, kusoma uwanja mzima, kumzuia mtu mwepesi mita saba kutoka kwenye ringi. Mstari wa pointi tatu kwenye mashindano ya FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, uko mita 6.75, na wa NBA, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, mita 7.24 ukiwa mbele ya ringi. Muulize kwa mwezi anatupa mitupo mingapi kutoka huko. Mara nyingi jibu ni sifuri, kwa sababu hajawahi kuhitaji.

Mfano mzuri wa hili ni Scottie Pippen. Huyu katoka Hamburg, mji mdogo wa Arkansas, mtoto wa mwisho kati ya 12, alimaliza sekondari akiwa na urefu wa kama mita 1.85 na hakuna chuo kilichompa skolashipu. Akaingia Central Arkansas, chuo ambacho hata wapenzi wengi wa kikapu walikuwa hawakijui, na alianza kama mtu wa kusaidia vifaa vya timu. Akarefuka akiwa chuoni mpaka mita 2.03, na kwa kuwa alikuwa amejifunza kikapu akiwa gadi mfupi, sasa akawa mtu mrefu anayedunda na kupiga pasi kama gadi. Mwaka 1987 akachaguliwa wa tano kwenye drafti ya NBA, pale timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, na akaja kuchukua ubingwa mara sita na Chicago Bulls. Fikiria ingekuwa kinyume, afundishwe kusimama chini ya ringi tu alafu asirefuke. Hiyo ndo hatari aliyonayo mdogo wako sasa hivi, na inaponyeka bila kuhama mji. Zungumza na kocha wao kwa heshima, usimfundishe kazi yake, mwombe tu kwamba kwenye mazoezi dogo awe anafanya kazi ya gadi hata kama kwenye mechi bado anamhitaji ndani.

Kuhusu kurefuka zaidi, usijenge mipango juu ya hilo. Wavulana wengi wakiwa na miaka 17 mifupa inakaribia kuacha kurefuka, wachache wanachelewa na wanaongeza bado. Waliobalehe mapema ndo mara nyingi wanaotamba wakiwa na 13 na 14 alafu wenzao wanawafikia, kwahiyo jikumbushe mdogo wako alianza kuwa mrefu lini. Kama alikuwa mkubwa kuliko wote akiwa na 13 na tangu hapo hajaongezeka sana, basi sehemu ya ule ubora ilikuwa ni mwili kutangulia, na ni vizuri mkajua hilo mapema.

Haya, hilo la kwamba mwaka huu ukipita ndo basi. Sio kweli. Steve Nash alipata ofa moja tu ya skolashipu, kutoka Santa Clara, na baadaye akawa mchezaji bora wa NBA 2005 na 2006. Nikola Jokić katoka Sombor huko Serbia, mwaka 2014 alichaguliwa wa 41, yani raundi ya pili, na runinga wakati huo ilikuwa inarusha tangazo la biashara, leo ana tuzo tatu za mchezaji bora na ubingwa wa 2023. Ila sikupi majina haya uende kumwambia dogo "na wewe utakuwa hivi", tafadhali usifanye hivyo. NBA ina timu 30 na kila timu ina nafasi 15 za mkataba wa kawaida, hiyo ni watu 450 duniani kote. Marekani penyewe kati ya wavulana 100 wanaocheza kikapu sekondari ni kama 3 au 4 wanaofika kucheza vyuo vya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko, na wa Daraja la Kwanza ni kama mmoja. Ninachotaka ulione kwenye hayo majina ni umri tu, kwamba kuonekana ukiwa na 17 sio sharti, na mtu anayekuambia ni sharti anataka ulipe kabla hujafikiri.

Huyo ajenti sasa. Simjui, siwezi kumhukumu, ila nikupe njia ya kumpima. Kocha wa chuo anayemtaka mchezaji halipwi na familia, na skolashipu ya kweli inakuja kwa maandishi kutoka chuoni kwenyewe. Mwambie akupe jina la chuo, jina la kocha, alafu wewe mwenyewe tafuta anwani ya barua pepe kwenye tovuti ya chuo uandike uulize, usitumie namba atakayokupa yeye. Usajili wa kituo cha NCAA kinachopima sifa za wanafunzi una ada ila inalipwa kule kule moja kwa moja, haipitii mfukoni mwa mtu. Kama anasema atampeleka klabu ya nje, FIBA ina orodha ya mawakala wenye leseni na iko wazi, jina lake lipo au halipo, na ujue kanuni za FIBA kwa kawaida haziruhusu uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18 isipokuwa kwa sababu maalumu. Tena kuna hatari nyingine watu hawaisemi: kusaini na ajenti ovyo ovyo kunaweza kumharibia sifa ya kucheza chuoni baadaye, kwahiyo hata kama haombi hela, asisaini karatasi yoyote ambayo mwanasheria hajaisoma. Mi nimeshaona familia ikiuza kitu kikubwa kumpa mtu wa hivi, kijana akafika nchi ya watu akakuta shule haina hata timu, na aliyempeleka simu haishikiki. Nilikaa na yule mzazi siku nzima sikuwa na la kumwambia.

Na hapo hapo ndo unapata cha kumwambia dogo kuhusu shule. Usimwambie "soma maana mpira hauna maana", atakufungia masikio, maana kwake mpira ndo maana yote. Mwambie ukweli ulivyo: njia ya chuo inapitia darasani. Daraja la Kwanza la NCAA wanataka masomo ya msingi 16 ya sekondari na wastani usiopungua 2.3 kwa hesabu zao, na matokeo yanaangaliwa kuanzia miaka ya mwanzo ya sekondari sio mtihani wa mwisho tu. Kocha akipata vijana wawili wanaofanana uwanjani na mmoja ana cheti kinachosumbua, hasumbuki naye, anamchukua mwingine. Akiacha shule leo anaufunga kwa mkono wake mlango ule ule anaoulilia. Ukiweza mtafute mchezaji mkubwa aliyepita chuo amwambie yeye, kuna maneno dada hasikilizwi hata akisema kweli.

Kuhusu kuhama. Sikatai kuhama, kuna wakati mji mdogo unafika mwisho wake, hakuna mpinzani, hakuna kocha wa kumfundisha kitu kipya, hapo lazima utoke. Ila watu wanadharau jinsi kuhama kwenyewe kunavyomla mtu. Larry Bird katoka French Lick, Indiana, mji wa watu kama elfu mbili. Mwaka 1974 akaenda Indiana University, chuo kikubwa chenye kocha mkubwa, na hata mwezi haukuisha akarudi nyumbani, akafanya kazi za halmashauri ya mji ikiwemo kwenye gari la taka. Mwaka uliofuata akaingia Indiana State, sehemu ndogo zaidi, na mwaka 1979 akawafikisha fainali ya taifa. Sheryl Swoopes wa Brownfield, Texas, yalimkuta hayo hayo, alienda chuo kikubwa cha jimbo akaondoka baada ya siku chache kwa kukumbuka kwao, akaanzia chuo kidogo cha miaka miwili karibu na nyumbani, kisha Texas Tech, na kwenye fainali ya 1993 akafunga pointi 47. Hawa wawili ni kati ya wachezaji wenye roho ngumu kabisa waliowahi kucheza, na ugeni uliwashinda mara ya kwanza. Sasa mdogo wako ameshapoteza mama, wewe ndo nyumbani kwake. Usimpeleke mahali ambapo hakuna mtu mmoja mzima wa kujua kama amekula na kama analala.

Ukiniuliza mi ningefanyaje, ningemwacha amalize shule hapo hapo, msimu mmoja wa kujifunza ugadi na kucheza na watu wazima, likizo apelekwe kambi ya mazoezi ya wiki moja au mbili kwenye jiji ili ajipime na wengine, na mrekodi mechi mbili nzima mwanzo mpaka mwisho bila kukata chochote. Hiyo video nzima ndo ya kutuma kwa makocha. Akienda kambi akaonekana yuko sawa na wale wa huko, hapo kuhama kunaanza kuwa na maana, na sehemu ya kuchagua ni ile atakayocheza dakika nyingi na kufundishwa, hata kama jina lake dogo. Ubaya wa njia yangu ni kwamba ni ya polepole na inawezekana atakosa nafasi fulani mwaka huu, nakubali. Chuo kidogo cha miaka miwili ni njia halali, klabu ya daraja la pili nyumbani ni njia halali, na tangu 2021 kuna ligi ya Basketball Africa League inayochukua mabingwa wa nchi mbalimbali za Afrika, kwahiyo mtu anaweza kucheza ngazi kubwa bila kupita Marekani kabisa. Wapo wengi pia wanaocheza miaka kumi kwenye ligi ambazo hazionyeshwi kwenye runinga, wanasomeshea watoto, baadaye wanakuwa makocha au walimu. Hayo nayo ni maisha ya kikapu, asiyaone kama kushindwa.

Haya goti. Kwa kijana anayeruka sana maumivu ya mbele, chini kidogo ya kifuniko cha goti, mara nyingi ni ule mshipa mnene unaounganisha kifuniko na mfupa wa muundi, umelemewa na mizigo kuliko uwezo wake wa kujijenga. Dalili yake ni kwamba linauma mwanzo wa mazoezi, likipata joto linaacha, kesho asubuhi akishuka ngazi linauma zaidi. Hapo ndo vijana wanadanganyika, anasema "nikicheza linapona", kumbe anachimba. Wengine wana kinundu kigumu chini ya goti, hiyo ni sehemu ya mfupa inayokua inavutwa, na inatulia ukuaji ukiisha. Vyote viwili havihitaji kulala kitandani miezi mitatu, vinahitaji kupunguza kuruka kwa muda, na mazoezi ya nguvu ya mapaja ya polepole yenye uzito unaopanda kidogo kidogo, akisimamiwa na mtaalamu wa fiziotherapia. Dawa za maumivu kabla ya mechi ili acheze, hapana, zinafunika tu kengele. Na usingizi, kijana wa umri huo anahitaji saa 8 mpaka 10, na angalau siku moja kwa wiki isiyo na kikapu kabisa.

Ila hilo ni la kukisia kutoka mbali, mi sijaligusa goti lake. Miezi miwili ni mingi, wiki hii mpeleke aonwe na daktari au mtu wa fiziotherapia ana kwa ana. Mpeleke siku hiyo hiyo usisubiri kama goti limevimba, linakwama, linamwachia ghafla akitembea, kama alisikia mlio siku lilipoanza, kama linamuamsha usiku, au kama anachechemea. Mwambie daktari aangalie na nyonga, kwa vijana nyonga ikiwa na tatizo maumivu yanaweza kutokea kwenye goti na watu wakatibu goti bure. Kama amewahi kuzimia au kubanwa kifua akiwa anakimbia, au kwenye ukoo kuna mtu alifariki ghafla akiwa kijana, asicheze tena mpaka moyo upimwe, hiyo haina mjadala.

Kitu kingine, umesema shule hataki kusikia, ila hujasema kama bado anacheka na wenzake na kama analala. Kufiwa na mama alafu mji mzima ukuwekee matumaini mabegani ukiwa na 17 ni mzigo mkubwa. Ukimuona anajitenga, hali chakula, au hata uwanjani anaenda bila furaha, mtafutie mshauri nasaha au mtu mzima anayemwamini akae naye, na kikapu kisubiri.

Kwahiyo wiki hii: hospitali, na huyo ajenti mwambie atulie mpaka barua ya chuo uione kwa macho yako. Akishapimwa niandikie walichosema, na mkipata video ya mechi nzima nitumie, nitaiangalia yote nikuambie ninachokiona.